Ndoano Nyingi kwa Mto Mdogo: Mwongozo

Anza kwa kununua sanduku zima. Usikubali mwenye duka akuhesabie ndoano mbili au tatu na kukufungia kwenye kipande cha gazeti kama karanga. Mtu wa ndoano tatu hujulikana tangu anaposhuka kwenye gari. Sanduku la ndoano 100 ni jambo jingine: dogo, la karatasi ngumu, linakaa mfuko wa shati na kuchungulia kidogo, na abiria wenzako pale stendi ya Korogwe wanaelewa kwamba bwana huyu haendi mtoni kupunga upepo. Langu nililinunua Tanga mjini. Lilikuwa la Mustad, kampuni ya Norway iliyoanzishwa mwaka 1832 na kutengeneza ndoano tangu 1877, kwa hiyo nilipopanda gari la Mashewa nilikuwa nimebeba kifuani karne moja na nusu ya ujuzi wa watu wa baridi. Chambo sikuwa nacho. Mto wenyewe nilikuwa sijaukanyaga tangu nilipomaliza darasa la saba. Lakini ndoano zilikuwa 100, na mwenye ndoano 100 hawezi kufunga moja kwenye mshipi. Itakuwa ni kuzidharau zile 99.

Elimu ya ndoano nyingi, kama unavyoona, huanzia dukani.

Kwa asiyepajua, Mashewa iko wilaya ya Korogwe, katika bonde la Lwengera, Usambara ya Mashariki upande huu na ya Magharibi upande ule. Unaondoka Korogwe, unapita mikonge, unapita Magoma, unakula vumbi au unasukuma gari kwenye tope kutegemea mwezi, mwisho unafika. Mto Lwengera unateremka na bonde hilo mpaka unaungana na Pangani, ambao wengi wetu tunauita Ruvu, karibu na mji wa Korogwe. Ukivuka Ruvu unaelekea Handeni, kwa Wazigua. Wao, Wabondei na sisi Wasambaa ni ndugu. Tukiwa mbali na nyumbani tunajiita Boshazi, tukikutana nyumbani tunataniana mpaka wageni wanatafuta pa kukimbilia. Kila upande unadai kwamba wale wengine hawajui kuvua, na hili ndilo jambo moja ambalo sote watatu tunasema kweli.

Tusijidanganye. Mbegha alipotoka Nguu kuja Usambara alikuja na mbwa, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, nao wakampa utawala. Katika yote niliyosimuliwa na niliyosoma juu yake sijamkuta hata siku moja ameshika mshipi. Ufalme ulijengwa kwa mbwa wengi. Kuhusu ndoano nyingi hatukurithi chochote, ndiyo maana nimeona niandike.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Ndoano moja, samaki mmoja. Ndoano tano, samaki watano. Ukitupa mara 10 kwa asubuhi una samaki 50, unakula watano, unagawa watano kwa majirani ili wasiseme, na 40 wanakwenda gulioni. Hesabu hii imewatajirisha watu wengi sana, wote kabla hawajafika mtoni.

Wala si hesabu ya kijinga kila mahali. Huko Ziwa Victoria wavuvi wa sangara hutandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, wanaiacha usiku, wanaipandisha alfajiri, na maisha yanakwenda. Chambo chao mara nyingi ni samaki hai wadogo, na kambare mchanga anapendwa kwa kazi hiyo kwa sababu hafi upesi kwenye ndoano. Mkumbuke huyu kambare, tutakutana naye tena. Unguja wana mshipi wa ndoano nyingi wanaouita dhulumati, jina ambalo mimi nisingempa mtoto wangu wala chombo changu cha kazi. Na kule bahari kuu meli za jodari hutupa kamba moja yenye urefu wa makumi ya kilomita, na ndoano 2,000 au hata 3,000 zikining'inia humo. Sasa tazama kinachofanana katika yote hayo: maji ni mengi, samaki wametawanyika, na hakuna mkuyu.

Lwengera una mikuyu. Una matete, una mizizi iliyojikunja chini ya maji kama vidole vya bibi anayeficha pesa, una magogo yaliyoletwa na mafuriko ambayo hayana mpango wa kuondoka. Samaki hawakutawanyika, wamekaa kwenye mashimo mawili matatu ambayo kila mtoto wa kijiji anayajua. Kupeleka ndoano tano mahali hapo ni sawa na kupeleka wapiga hodi watano kwenye mlango mmoja wakati mwenye nyumba yumo ndani na kuku wa kugawana ni mmoja. Lakini nimeahidi mwongozo, na tutaendelea.

Chagua ukubwa. Hapa wengi hukwama kwa sababu namba za ndoano zimepangwa na mtu aliyekuwa na hasira. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Ifikirie kama nafasi za darasani: wa 12 yuko chini ya wa 6, na wa kwanza ndiye mkubwa wao. Ukishaelewa hivyo unaambiwa kwamba juu ya wa kwanza kuna 1/0, kisha 2/0, na kuanzia hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua, kama kwamba waliomaliza shule wamerudi kuwa walimu. Kwa perege wa kwetu, wenye midomo midogo, unataka namba 10 au 12. Kwa kambare, namba 2 au 1 inatosha. Mimi sanduku langu lilikuwa namba 4, ambayo ni kubwa kwa perege na ndogo kwa kambare, kwa hiyo niliweza kuwakosa wote kwa usawa.

Na perege wa kwetu si mtu wa kubahatisha. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, aliandika maelezo ya aina kadhaa za perege wa upande wetu, na mmoja wao akampa jina la mji: leo anaitwa Oreochromis korogwe, na asili yake ni mto huu Pangani na mto Zigi. Yaani kuna samaki duniani anayeitwa Korogwe, na watu wa Korogwe wengi hawana habari, wanamkaanga tu. Jike la perege hawa hubeba mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa wanaendelea kulala humo mpaka wajiweze. Akiwa katika hali hiyo hali chochote cha maana. Hebu fikiria: unamshushia mama mwenye mdomo uliojaa watoto nyungunyungu watano kwa mpigo, wamepangwa juu kwa chini kama duka la mitumba. Anakuangalia, anapita. Hata anapokuwa hana watoto mdomoni, chakula chake kikubwa ni ukungu wa kijani na takataka laini za chini ya maji. Nyungunyungu kwake ni andazi la njiani, akila anakula kwa ncha ya mdomo.

Kufunga. Nitakupa kwanza njia iliyo sahihi, ili ujue ni ipi niliyoikataa. Mshipi mkuu unashuka wima. Mwisho wake, chini kabisa, chubwi. Kama huna risasi, plagi ya bodaboda iliyokufa inafaa, au nati mbili tatu. Kutoka kwenye mshipi mkuu unatoa vijitawi vifupi vya nailoni, kila kimoja na ndoano yake. Siri iko kwenye vipimo: kijitawi kiwe kifupi kuliko nusu ya nafasi iliyopo kati yake na jirani yake. Ukiacha sentimita 40 kati ya tawi na tawi, ndoano ining'inie kwenye sentimita 15. Hapo hata mkondo ukizichezesha namna gani, hazifikiani. Halafu chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikikwama kwenye mawe ukatike ule uzi, upoteze nati ya bure, urudi na ndoano zako zote.

Wazungu wa zamani mshipi wa namna hii waliuita paternosta, maana yake Baba Yetu, kwa sababu zile ndoano zilizopangwa kwa nafasi ziliwakumbusha shanga za rozari. Hapa kwetu wangeweza pia kuuita tasbihi. Jina linaeleweka: mwenye ndoano tano huomba kuliko mwenye moja.

Mimi vijitawi nilivipa sentimita 40, sawa na nafasi yenyewe, nikiamini kwamba samaki apewe uhuru. Na chubwi niliifunga kwa fundo la uhakika. Kisha nikafanya hesabu ambayo nakushauri uifanye nyumbani: ndoano tano kwa nafasi ya sentimita 40 zinadai karibu mita mbili za maji. Ilikuwa Septemba, mvua za vuli bado. Mto mahali pale ulinifika juu kidogo ya goti. Ndoano mbili za chini zilikuwa zinavua samaki, na tatu za juu zilikuwa zinavua kereng'ende.

Chambo sasa. Hili ndilo eneo ambalo vitabu vyote vya uvuvi hupita haraka, na ndilo lililonigharimu zaidi. Ndoano tano zinakula nyungunyungu watano kila unapotupa, na samaki wadogo wanawanyofoa kila baada ya dakika chache. Wakati wa kiangazi nyungunyungu hushuka chini kabisa kufuata unyevu. Wanapatikana kwenye migomba tu, pale maji ya bafu yanapomwagikia. Migomba iliyokuwa karibu ilikuwa ya shangazi yangu. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Jembe la nini?"

"Natafuta nyungunyungu pale kwenye migomba."

"Wangapi?"

"Watano kila ninapotupa."

"Unatupa mara ngapi?"

Nikasema labda mara 20. Shangazi akatikisa ungo, akapuliza maganda, akafikiri. Hakusoma sana, lakini hesabu ya watu wengine huwa haimpi shida. "Basi mwanangu, hapo hawatoshi. Chimba kuanzia migomba ile, ushuke mpaka kwenye mfereji. Na udongo uugeuze vizuri, wanajificha chini."

Nilichimba tangu saa moja mpaka saa nne na nusu. Nilipata nyungunyungu wanaojaa kopo la maziwa ya unga. Nilipoinua kichwa niliona shangazi amesimama nyuma yangu na kapu la mbegu za magimbi, na mjukuu wake yuko tayari mwanzo wa tuta anapanda. Magimbi hayo yametoka vizuri sana. Kama mwongozo huu una sehemu moja iliyothibitishwa bila shaka, ni kwamba uvuvi wa ndoano nyingi huongeza mavuno ya magimbi.

Kutupa mshipi. Ndoano moja inatupwa mbele. Ndoano tano zinatupwa mbele, nyuma na pembeni kwa wakati mmoja. Kabla hujarusha, hesabu: moja iko wapi, mbili iko wapi, na ya tano je? Kama ya tano huioni, iko mgongoni kwako. Vaa shati ulilokwisha kulichoka. Vaa kofia, si kwa jua. Waambie watoto waliokuja kutazama wakae mbali, na wakiuliza mbali kiasi gani waambie kwao.

Zikishaingia majini, kuna tabia yao moja ambayo ningependa uijue mapema. Ndoano moja ikinasa mzizi, zile nne nyingine huingiwa na wivu. Unavuta, ya pili inashika tete. Unalegeza, mkondo unaichukua ya tatu na kuizungusha kwenye gogo. Ndani ya dakika moja umeufunga mto kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Na kwa kuwa ulifunga chubwi kwa fundo la uhakika, hakuna kinachokatika ila mshipi wenyewe, huku juu karibu na mkono wako. Hivyo ndivyo zinavyokwenda tano tano.

Zamani, kabla ya nailoni, babu zetu wa bondeni walisokota mshipi kwa katani. Mkonge wenyewe si mwenyeji wa siku nyingi: ulifika Tanga mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Amerika, mingi ikafa safarini, ikafika hai 62. Kwa miche hiyo 62 wakaijaza Tanga nzima, kutoka pwani mpaka Korogwe na kupita. Mshipi wa katani ulikuwa mnene, unaonekana na samaki, unaoza. Lakini ulikuwa na heshima: ukinasa unakatika upesi, unakwenda nyumbani. Nailoni inataka mabishano. Jambo moja la mkonge bado nalipendekeza: lile shina refu la ua lake likikauka huwa laini kama boflo, na kipande chake cha shibiri moja ndicho kifaa bora kuliko vyote cha kuchomekea ndoano ili zisikuchome mfukoni. Nilikijua hicho baada ya suruali ya pili.

Mpaka hapa msomaji mwerevu atauliza kwa nini basi watu huongeza ndoano. Nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu kando ya mto, kwa kuwa nilikuwa sina kazi nyingine, samaki hawakuwa wanakuja. Nadhani ni hivi: mwenye ndoano moja akikosa, amekosa, na kila mtu anaona. Mwenye ndoano tano ana mambo matano ya kueleza. Ya kwanza ilinasa, ya pili ilikuwa juu mno, ya tatu chambo kililiwa na vidagaa, ya nne naona walikuwa wanaikaribia, na ya tano, laiti ungeiona ya tano. Anarudi nyumbani bila samaki lakini na mazungumzo ya kutosha mpaka wakati wa kulala. Nimewajua watu mjini wenye laini nne za simu kwa mtindo huohuo. Hawapokei simu hata kwenye moja, ila hawawezi kulaumiwa.

Methali ya mshika mbili naijua, usiniletee. Haikusema lolote juu ya mshika tano.

Wapo watakaokuita pembeni na kukushauri uache mambo ya ndoano, utwange utupa umwage kwenye dimbwi, samaki wote waelee wenyewe. Kataa. Sumu imepigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009, inaua hata wale wasiofika kidole, na watu wa chini wanachota maji hayohayo. Ndoano nyingi ni ulafi pia, lakini ni ulafi wa halali, na hasara yake kwa mazingira ni ndogo, kwa sababu hupati kitu.

Siku ya tatu nilikuta kijana wa miaka kumi hivi amekaa kwenye shimo la pili, chini ya mkuyu. Ana ufito wa mwanzi, uzi wa urefu wa ule ufito, boya la kipande cha ndala kilichokatwa kwa wembe, na ndoano moja. Ilikuwa na kutu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umepata?"

"Kidogo."

Akanyanyua unyasi kutoka majini. Perege tisa, wametungwa kwa mashavu. Nikakaa karibu naye kumtazama, kwa nia ya kumsahihisha. Hakutupa mbali. Aliiteremsha tu kati ya mizizi miwili, mahali ambapo kofia yangu isingepita, akakiangalia kile kipande cha ndala. Kikatikisika, hakufanya kitu. Kikatikisika tena. Kikalala ubavu, akanyanyua mkono kidogo tu, kama mtu anayejikuna, na perege wa kumi akawa juu ya nyasi. Ndipo nilipoelewa kasoro nyingine ya mshipi wangu: perege anagusa kama mtu anayeonja chumvi, na wenye ndoano tano, chubwi ya plagi na mkondo unaovuta kila upande hatuwezi kujua hata kama ametuamkia.

"Babu," akasema, anatazama vijitawi vyangu, "hizo nyingine za nini?"

"Za akiba."

Akakubali kwa kichwa, kwa adabu. Nikampa tano kama zawadi. Kesho yake nilisikia anaziuza pale dukani, amezifunga moja moja kwenye gazeti.

Kambare ndiye jibu, nikaamua. Kambare hali kwa ncha ya mdomo, na anakula kila kitu: mdudu, utumbo wa kuku, ugali wa jana, samaki mwenzake. Anatembea usiku. Yupo pia mkunga, ambaye hupanda mto kutoka baharini na akishazeeka hurudi huko Bahari ya Hindi kuzaa, lakini tangu mabwawa ya umeme yalipojengwa kule Hale na maporomoko ya Pangani safari yake imekuwa na vizuizi vingi kuliko ya basi la Dar es Salaam. Tena anafanana na nyoka mno, wengine hawamgusi. Kambare basi. Nikasubiri giza, kwenye Lwengera si kwenye Ruvu, kwa sababu Ruvu ina mamba na mamba hahesabu ndoano. Nikatia utumbo wa kuku ndoano zote tano. Saa mbili na robo mshipi ukaondoka.

Nilimvuta. Alikuwa mzuri, urefu wa mkono kutoka kiwiko, na alikuwa ameshika ndoano ya pili kutoka chini. Na hapa, msomaji wangu, ndipo mwongozo unapofika kwenye hatua ambayo hakuna mwenye ndoano moja atakayewahi kuifikia. Ili kumtoa samaki kwenye ndoano ya pili lazima umshike, na ukimshika, ndoano ya kwanza, ya tatu na ya nne zipo pale pale, wazi, zenye kijino cha kuzuia kurudi nyuma. Kambare hana magamba. Anateleza kama sabuni. Nikamkaba shingo. Akapiga mkia mara moja. Ndoano ya tatu ikaingia kwenye dole gumba la mkono wa kulia, mpaka kijino kikapotea.

Tukatazamana. Tulikuwa kwenye mshipi mmoja, sentimita 40 kati yetu, na kila alipojitupa nilimfuata. Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa kulia. Jaribu siku moja kutoa kisu mfuko wa kulia kwa mkono wa kushoto huku umeshikwa na samaki.

Nikaamua kupanda kijijini hivyohivyo. Samaki mwingine angekufa njiani akanipumzisha. Kambare hupumua hewa. Ana kiungo maalumu nyuma ya matamvua kwa kazi hiyo, na ndiyo maana wakati mwingine hukutwa anatambaa kwenye majani kutoka dimbwi hadi dimbwi. Huyu wangu alikuwa mzima, tena mchangamfu, njia yote ya dakika 25. Watu waliokuwa wanatoka sala ya isha walituamkia. Hawakuuliza, kwa sababu ya heshima, wakanyamaza mpaka tulipokata kona, ndipo nikawasikia.

Fundi baiskeli alikuwa bado na taa. Aliinua taa, akatazama kidole, akatazama kambare, akafuata mshipi kwa kidole chake kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine mara mbili, kama anayetafuta pancha.

"Sasa mzee," akasema, "nianze na nani?"

Alianza na mshipi. Kisha akafanya kilicho sawa, na ninyi mkumbuke: ndoano yenye kijino hairudishwi nyuma kwa nguvu, inararua. Ikiwa imeingia kwa ngozi ya juu tu na ncha iko karibu kutoka, inasukumwa mbele mpaka ncha ijitokeze, kijino kinakatwa kwa koleo, halafu shina linarudishwa lilikotoka bila ubishi. Ikiwa jichoni, shingoni, au karibu na kiungo au mshipa wa damu, usiguse, nenda hospitali nayo. Vyovyote vile asubuhi nenda zahanati ukachomwe sindano ya pepopunda, na muuguzi akikuuliza ilikuwaje, mwambie ulikuwa unarekebisha uzio.

Nilimuuliza fundi nimpe ngapi. Akasema hapokei pesa kwa mambo ya msiba, akamchukua kambare.

Zimebaki 62. Moja aliikata fundi, tano alizipata yule kijana, na 32 zipo mtoni, nyingi kwenye mizizi ya mkuyu ule wa shimo la pili, na nadhani perege wameshazizoea. Ni namba 4, hazijaota kutu, sanduku lake lipo, na nimezichomeka kwenye kipande cha mkonge nilichoeleza. Anayezitaka aniulizie Mashewa kwa shangazi, pale penye magimbi. Bei tutaelewana. Atakayechukua zote namwongezea koleo.